Unga wa majani ya mlonge: kuuandaa, kuununua na kuula ili ukufae

Ukipita Kariakoo au kwenye stendi yoyote kubwa ya mabasi, hukosi kumkuta mtu aliyepanga pakiti za unga wa kijani, na bango pembeni linalosema mlonge hutibu magonjwa 300. Hatua chache mbele yupo mwingine anayeuza mlonge huohuo ukiwa kwenye vidonge, ndani ya chupa nyeupe, kwa bei ya juu zaidi. Mti huu naupenda, ndiyo maana inaniuma kuona watu wanaulipia kwa mambo usiyoyaweza, huku yale unayoyaweza kweli yakiwapita.

Mlonge ni mboga. Tena ni mboga bora: unastahimili ukame, unachipua kiangazi wakati mchicha umeshakauka bustanini, na majani yake yana protini, kalsiamu na vitamini A kwa kiwango ambacho mboga chache hukifikia. Ukiula kama mboga utakujenga. Ukiufanya dawa ya kila ugonjwa, unaweza kuacha dawa inayokuweka hai. Mwongozo huu wote umesimama hapo.

Kwanza, hakikisha ni mlonge, na ni majani

Mlonge tunaouzungumzia ni Moringa oleifera, mti wenye asili ya kaskazini mwa India chini ya milima ya Himalaya, ambao umeshazoeleka kuanzia Tanga hadi Mtwara, Dodoma na hata Mwanza. Pwani ya Kenya wengine huuita mronge au mzunze. Una majani madogo ya mviringo yaliyopangwa kwenye vikonyo vyembamba, maua meupe yanayokaribia rangi ya maziwa, na maganda marefu yenye pembe tatu ambayo ndani yake mna mbegu zenye mabawa. Upo pia ndugu yake, Moringa stenopetala, unaoota kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya upande wa Turkana. Wakonso wa Ethiopia huyala majani yake karibu kila siku kama sisi tunavyokula matembele.

Kila nitakachosema hapa kinahusu majani tu. Mizizi na magome yana kemikali zinazoweza kudhuru, na kwa mjamzito ni hatari kabisa. Mbegu nazo zina kazi nyingine: zikisagwa, protini yake hukusanya uchafu wa maji ya matope ukatuama chini, lakini baadhi ya vijidudu hubaki hai, kwa hiyo maji hayo bado yachemshwe. Wapo wanaozimeza mbegu nzima asubuhi ili "kusafisha mwili", halafu tumbo la kuhara linalofuata wakalihesabu kuwa ndio usafi wenyewe. Kuhara ni kuhara. Ziache.

Pili, jua unapata nini hasa kwenye kijiko

Hapa ndipo watu wengi hupotoshwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Umeshasoma kwenye pakiti kwamba mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa na kalsiamu mara nne ya maziwa. Hesabu hizo hulinganisha uzito kwa uzito, na mara nyingi huchanganya majani mabichi na unga mkavu ndani ya sentensi moja. Vitamini C ipo kwenye jani bichi. Jani likikauka, sehemu kubwa hupotea. Gramu 100 za unga mkavu hubakiwa na takriban miligramu 17 tu, na hakuna mtu anayekula gramu 100 za unga kwa siku. Vijiko viwili vya chai, yaani kama gramu 5, havifikishi hata miligramu moja, wakati chungwa moja la kawaida la Muheza lina zaidi ya miligramu 50. Kama unatafuta vitamini C, kula chungwa, embe au pera.

Kalsiamu, kwa upande mwingine, haipotei kwa kukaushwa, na unga ni mzito kwayo: karibu miligramu 2,000 kwa gramu 100. Gramu 5 zinakupa kama miligramu 100. Mtu mzima anahitaji takriban 1,000 kwa siku, kwa hiyo umepata sehemu ya kumi. Si haba kwa mtu asiyekunywa maziwa. Protini ya unga ni kama robo ya uzito wake au zaidi kidogo, ndiyo kusema gramu 5 za unga zina gramu 1.3 hivi za protini. Yai moja lina gramu 6. Madini ya chuma ni kama miligramu 1.4 katika vijiko hivyo viwili, na mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa anahitaji 18 kwa siku. Mjamzito anahitaji 27. Viwango hivi hupanda na kushuka kufuatana na udongo, umri wa jani na namna lilivyokaushwa, lakini ndio ukubwa wa mambo.

Sasa chukua chupa ya vidonge. Kidonge cha kawaida kina miligramu 400 hadi 500 za unga uleule. Ukimeza viwili umekula gramu moja, basi. Ili ufikie protini ya yai moja ungehitaji zaidi ya vidonge 40. Sioni sababu ya mtu mwenye meno na sufuria nyumbani kununua vidonge vya mlonge, labda awe safarini au ladha ya jani imemshinda kabisa.

Na sahani ya mlonge uliopikwa? Gramu 100 za majani yaliyochemshwa zina gramu 5 za protini, miligramu 150 za kalsiamu, miligramu 2.3 za chuma, vitamini C miligramu 30 hivi, na vitamini A inayofika karibu nusu ya mahitaji ya mwanamke kwa siku. Bakuli moja la mboga limeshinda vijiko viwili vya unga karibu kila mahali. Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni hili: penye mti, pika majani mabichi. Unga ni wa mahali ambapo mti haupo, wa uji wa mtoto, na wa kipindi ambacho mti umepukutisha.

Tatu, kupika majani mabichi

Chuma matawi yenye majani laini lakini yaliyokomaa rangi. Ya njano yaache. Chambua majani kutoka kwenye vikonyo, kwani vikonyo ni vigumu na havilainiki hata upike mpaka jioni. Osha mara mbili.

Chemsha maji, tia majani kwa dakika mbili au tatu, epua, chuja. Wengine huyachukia kwa sababu ya uchungu kidogo. Maji hayo ya kwanza huondoka na sehemu ya uchungu huo. Kaanga kitunguu na nyanya, tia majani, kisha tui la nazi au karanga zilizosagwa. Mafuta yaliyomo humo yana kazi zaidi ya ladha: vitamini A ya mbogamboga haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Ukitia na dagaa, umeongeza protini, na nyama au samaki husaidia mwili kuchukua chuma kilicho kwenye majani. Mwishoni, kama umeshaepua, kamulia limau.

Limau hilo usilipuuze. Chuma cha kwenye mimea huingia mwilini kwa shida, na vitamini C ndiyo hukifungulia mlango. Chai hufanya kinyume chake. Ukila mlonge wako na ugali kisha ukashushia na kikombe cha chai ya rangi papo hapo, sehemu kubwa ya chuma hicho itatoka kama ilivyoingia. Ngoja saa moja hivi ndipo unywe chai au kahawa.

Nne, kutengeneza unga mwenyewe

Hii ndiyo hatua inayohitaji uangalifu kuliko zote, na wengi huifanya kwa haraka.

Vuna asubuhi umande ukishakauka, na siku hiyohiyo uanze kukausha. Majani yaliyorundikwa kwenye gunia hupata joto yenyewe na kuanza kuharibika kabla ya jioni. Usivune kwenye miti iliyo ukingoni mwa barabara kubwa, karibu na dampo au gereji, kwa kuwa vumbi na udongo wa hapo unaweza kuwa na risasi na madini mengine mazito, na hayo hayaoshwi yakatoka.

Chambua, tupa vikonyo na majani yenye madoa. Osha kwa maji safi mpaka maji yatoke bila vumbi. Kisha loweka kwenye maji ya chumvi, gramu 10 za chumvi kwa kila lita moja (vijiko viwili vya chai vinatosha), dakika tatu hadi tano. Suuza tena kwa maji ya kunywa, yaani yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Watu hufanya kazi nzuri mpaka hapa, halafu husuuza kwa maji ya kisima kisichofunikwa na kurudisha uchafu wote. Yatandaze kwenye ungo au wavu yachuruzike.

Kukausha ni kivulini, ndani ya chumba chenye hewa inayopita, juu ya wavu ulioinuliwa kutoka sakafuni. Jua kali huua vitamini A na kuyafanya majani kuwa na rangi ya nyasi za Agosti. Tandaza kwa wembamba, jani lisilaliane na jani, funika kwa chandarua safi ili nzi, kuku na mijusi wasifike, na uyageuze mara kadhaa kwa siku kwa mikono iliyonawiwa. Kwenye hali ya hewa kavu kama ya Dodoma au Singida huchukua siku mbili tatu. Pwani huchukua nne au zaidi, na wakati wa masika nakushauri usijaribu kabisa, labda uwe na kikaushio, maana unyevu huleta ukungu kabla jani halijakauka.

Jani limekauka sawasawa likivunjika na kuwa vumbi ukilisugua viganjani. Likijikunja bila kuvunjika, bado. Hapo ndipo utwange kwenye kinu kisichotumika kwa vitu vingine, au usage kwa blenda, kisha uchekeche. Kilo moja ya majani yaliyochambuliwa hukupa takriban sehemu ya tano yake ikiwa unga, kwa hiyo usishangae kapu zima likiishia kwenye kopo moja.

Hifadhi kwenye chombo kikavu kinachofunga vizuri na kisichopitisha mwanga, mbali na jiko. Chombo cha kioo ni kizuri ukikiweka kabatini. Andika tarehe juu yake. Utumie ndani ya miezi sita, na kila ukichota, kijiko kiwe kikavu. Ukiona mabonge, ukisikia harufu ya uvundo, au ukiona utando wa kijivu au mweupe, tupa wote. Usichambue sehemu inayoonekana nzima.

Tano, ukinunua

Unga mzuri ni wa kijani kilichokolea na una harufu ya majani mabichi. Wa kahawia au wa njano ulikaushwa juani au umezeeka. Weka kidogo mdomoni: ladha iwe na ukali mwepesi unaofanana na figili, wala usisikie mchanga ukisaga meno. Kama kuna mchanga, majani hayakuoshwa, na kama mchanga umebaki basi na visivyoonekana vimebaki.

Soma lebo. Iwe na jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, namba ya toleo, na alama ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Iseme ni majani peke yake. Lebo ikiorodhesha magonjwa ambayo unga huo unaponya, rudisha pakiti kwenye rafu: anayeongopa mbele ya karatasi anaweza kuongopa na ndani ya pakiti.

Suala la vijidudu si la nadharia. Mwaka 2016 nchini Marekani watu kadhaa waliugua salmonela kutokana na unga wa lishe wa kuchanganya na kinywaji, na uchunguzi ulionyesha kuwa chanzo kilikuwa unga wa majani ya mlonge uliotiwa ndani yake. Majani hukaushwa, hayapikwi, na salmonela huweza kukaa muda mrefu kwenye kitu kikavu. Ndiyo maana mimi huutia unga kwenye chakula kinachochemka, na huuacha motoni dakika moja mbili kabla ya kuepua. Vitamini C ilishaondoka wakati wa kukausha, kalsiamu na chuma havidhuriki na moto, kwa hiyo cha kupoteza ni kidogo sana na cha kukinga ni kikubwa.

Sita, kiasi na namna ya kula

Mtu mzima aanze na nusu kijiko cha chai kwa siku, kwa wiki moja. Tumbo likitulia, apande hadi kijiko kimoja, kisha viwili. Majaribio machache yaliyofanywa kwa watu yametumia gramu 7 au 8 kwa siku kwa wiki kadhaa hadi miezi mitatu bila madhara makubwa, na sioni haja ya kuvuka hapo. Ukianza na vijiko vitatu siku ya kwanza utaharisha, kisha utausingizia mti.

Uji ndio mahali pake pa asili. Mtama, ulezi au mahindi, karanga zilizosagwa kidogo, unga wa mlonge ukitiwa mwishoni, na tunda pembeni. Unaingia pia kwenye mchuzi wa maharage, supu, na mboga nyingine kama kisamvu, ambako rangi yake haionekani. Kwenye chai ya maziwa watu hutia, lakini kwa sababu niliyoieleza ya chai na chuma, mimi sitii.

Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza chakula cha nyongeza anaweza kutiliwa robo kijiko cha chai kwenye uji unaochemka, na kuongezwa polepole hadi kijiko kimoja akiwa na mwaka na zaidi. Lakini mlonge hauchukui nafasi ya maziwa ya mama, wala ya yai, dagaa na maharage. Na mtoto akidhoofu mno, miguu ikivimba, au mkanda wa kupima mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Kuna chakula-dawa maalumu kwa ajili yake, na kila siku unayojaribu uji wa mlonge nyumbani ni siku anayoikosa.

Saba, anayepaswa kuuliza kwanza

Mwenye kisukari. Majani ya mlonge yanaonekana kushusha kidogo sukari baada ya mlo kwenye majaribio madogo, na hilo ndilo limezaa matangazo mengi. Kushusha kidogo hakutoshi kuachia metformini au insulini, lakini kunatosha kuongezea nguvu ya dawa mpaka sukari ishuke mno. Ukitetemeka, ukatoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa, kunywa kitu chenye sukari haraka na utafute msaada. Mweleze daktari kabla ya kuanza, na upime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Mwenye dawa za presha naye ni vivyo hivyo.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze bila ushauri, kwa sababu majani ya kijani yana vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Anayetumia dawa ya tezi ya shingo, na mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu, nao waulize.

Mjamzito anaweza kula majani kama mboga, kama wafanyavyo kina mama wa India na Ufilipino, lakini unga mwingi na vidonge aviache mpaka azungumze na muuguzi wa kliniki, na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki aendelee kuvimeza. Hesabu uliiona juu: vijiko viwili vya unga vina miligramu 1.4 za chuma kati ya 27 anazohitaji. Kwa mama anayenyonyesha, Wafilipino huamini majani haya huongeza maziwa, na tafiti chache ndogo huelekea huko. Mboga ni salama kwake. Ale, anywe maji ya kutosha, na mtoto anyonye mara nyingi, kwani kunyonya ndiko kunakoita maziwa.

Kwa anayeishi na VVU nasema bila kuzunguka: ARV hazina mbadala. Mlonge ule kama chakula, na mtoa huduma wako ajue.

Nane, pima kama unakusaidia

Kama sababu yako ni upungufu wa damu, pima wingi wa damu kabla ya kuanza, andika namba na tarehe. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kwa mjamzito, chini ya 11. Mwache mhudumu atafute chanzo pia, maana minyoo, malaria na hedhi nzito haviponywi na mboga, na hutazama kijani chako kikipita huku damu ikiendelea kupungua. Rudi kupima baada ya miezi mitatu. Namba ikipanda, endelea. Ikibaki palepale au ikishuka, usiongeze kijiko. Rudi kwa mhudumu ukiwa na namba zote mbili mkononi.